Tiba ya mazoezi ndani ya maji: mliyouliza wiki hii

Mama alipata kiharusi na nchi kavu hasimami bila kushikwa. Majini ataweza?

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa maji humpunguzia mzigo. Yakimfika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, karibu theluthi. Aanzie kifuani, mtaalamu wa fiziotherapia akiwa upande uliopooza na kumshika kiunoni. Kwanza ahamishe uzito kulia na kushoto, ndipo apige hatua. Akipata nguvu, asogezwe penye kina kifupi. Wengi huachwa kwenye kina kilekile kwa sababu wanajisikia vizuri, na hapo maendeleo hukwama: miguu haijifunzi kubeba.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Akiingia bwawani hukakamaa badala ya kulegea.

Pimeni joto la maji. Bwawa la kawaida la kuogelea huwa na nyuzi 26 hadi 28, na hiyo ni baridi kwa mtoto asiyejongea sana. Maji ya tiba huwa nyuzi 33 hadi 35. Hofu nayo hukaza misuli, basi mwingize taratibu, uso wake ukiuelekea wako. Akitetemeka, mtoe hapo hapo.

Nimvalishe maboya ya mikononi?

Hapana. Humshikilia wima, asijifunze kutafuta mizani yake. Mbinu ya Halliwick ya kuwafundisha wenye ulemavu kuogelea, aliyoianzisha James McMillan jijini London mwaka 1949, haitumii maboya kabisa: kila mwanafunzi ana msaidizi wake, na somo la mwanzo ni kupuliza hewa kila maji yanapokaribia mdomo.

Natumia kiti cha magurudumu, miguu haina hisia. Nichunge nini?

Ngozi. Sakafu ya bwawa hukwaruza visigino nawe hujui. Vaa viatu vya majini, tandika taulo nene ukingoni kabla ya kuhama kutoka kwenye kiti, na ukitoka kagua visigino na makalio kwa kioo. Ukiwa na kidonda kilicho wazi, usiingie. Kojoa kwanza: kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kibofu kilichojaa chaweza kupandisha presha ghafla. Kichwa kikiuma kwa kupwita na uso ukitoka jasho, utolewe, uketi wima, kibofu kitolewe mkojo, na daktari aitwe mara moja.

Nikitoka majini napata kizunguzungu.

Msukumo wa maji ulikuwa ukipandisha damu kutoka miguuni, ukitoka, hushuka. Panda ngazi polepole, keti, kunywa maji. Mwenye moyo dhaifu au kifafa kisichodhibitiwa amwone daktari kabla ya kuanza.