"Mhariri wa kuonekana" au kihariri? Na hiyo "kodi" je?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Tandika, najifunza kutengeneza tovuti na zile programu ambazo unaandika na kuburuta picha tu bila kugusa HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Nataka niwafundishe wenzangu kwa Kiswahili, nimeandika hivi: "Mhariri wa kuonekana anakusaidia kuanza tovuti bila kujua kodi, ukimaliza pakua ukurasa kwenye seva." Wamesoma wanasema hawaelewi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana wengi wakifika hapo Kiswahili wanakiacha mlangoni. Sarufi yako haina shida kubwa, shida ni kwamba karibu kila neno muhimu limeenda kumaanisha kitu kingine.

Mhariri ni mtu, yule wa chumba cha habari anaepitia stori za waandishi. Programu ni chombo, na vyombo tumezoea kuvipa ki-: kifagio, kikokotoo, kichapishi, kivinjari. Basi sema kihariri, na kitenzi nacho kifuate, kinakusaidia, sio anakusaidia. Usihofu kwamba hariri ni kitambaa pia, ukiwa unaongelea tovuti hamna atakaewaza nguo.

Sasa hiyo "wa kuonekana" ndo penyewe. Kuonekana ni kitu kuwa wazi machoni, kwa hiyo kihariri cha kuonekana ni kihariri ambacho hakijajificha, na mi sijawahi kuona kilichojificha. Wewe ulitaka kusema kwamba kinakuonyesha ukurasa vile mgeni atakavyouona. Kile kingine kinakupa msimbo mtupu, yani yale maandishi ya HTML yenyewe, ukitaka neno likolee wino unaandika lebo (alama kama <b> na </b>) mwenyewe mwanzo na mwisho wa neno, ila hiki chako unalichagua neno, unabonyeza kitufe, limekolea hapo hapo unaliona, na lebo kimeshaziandika chenyewe kwa nyuma. Ndo ile WYSIWYG, yani unachokiona ndicho utakachopata, japo kwenye simu ukurasa unaweza ukajipanga tofauti na kwenye kompyuta kwa hiyo waambie wenzako waukague kote kote. Kwa jina fupi mi napendelea kihariri cha mwonekano. Mzizi ni ule ule ila mwonekano ni sura ya kitu, na hapo ndo kazi yenyewe ilipo, unahariri ukiwa unaitazama sura. Wala sio jambo la juzi, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha kwanza kabisa, alichotengeneza Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1990 kilikuwa ni kihariri humo humo, unasoma ukurasa na kuurekebisha bila kuandika lebo.

Kodi. Najua ulitaka kusema "code" ya Kiingereza, ila hapa Dar mtu akisikia kodi anawaza mwenye nyumba na miezi yake sita, au TRA. Ukimwambia mfanyabiashara wa Kariakoo aanze tovuti "bila kujua kodi" atadhani unamfundisha kukwepa! Neno lipo, msimbo, litumie tu, wakilisikia mara tatu nne watalizoea kama walivyozoea kivinjari.

Alafu pakua na pakia, hizi wengi zinawachanganya. Fikiria lori la mzigo, ukipandisha unapakia, ukishusha unapakua, na chakula pia unakipakua kutoka kwenye sufuria kuja kwenye sahani yako. Kitu kinachotoka kwako kwenda kwenye seva, yani ile kompyuta inayotunza tovuti, unakipakia, kinachotoka huko kuja kwako unakipakua.

Na hapo "kuanza tovuti" ongeza kutengeneza, maana mtu anaweza akadhani tovuti ishakuwepo anaanza kuitumia.

Mi ningeandika hivi: "Kihariri cha mwonekano kinakusaidia kuanza kutengeneza tovuti bila kujua msimbo, ukimaliza pakia kurasa zako kwenye seva." Na chini yake waongezee kwamba picha nazo wazipakie, maana ukipakia ukurasa peke yake picha zinabaki kwenye kompyuta yako, wewe unaziona vizuri tu ila mgeni anakuta kiboksi kitupu.