Mkienda Kampala wanne, mfuko uwe mmoja

Safari yetu ya kwanza ya pamoja nusura ituvunjie urafiki kwa sababu ya soda. Nani alikunywa mbili, nani hakugusa hata moja, na mbona bili inagawanywa sawa? Kwa hiyo tulipopanga kwenda Uganda siku nne, nilikataa kukata tiketi kabla hatujaelewana kuhusu pesa.

Tulikuwa wanne: mimi wa Kisumu, wawili niliosoma nao chuo, mmoja wa Ahero na mwingine wa Kakamega, na shemeji yangu aliyetoka Nakuru. Kila mtu alitoa kiasi sawa, na wa Ahero akawa mhazini. Yeye ni mkono wa birika na haoni haya kusema hapana. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayemtaka, si yule mkarimu. Chakula cha pamoja, boti na nauli vilitoka kwenye mfuko huo. Bia na nguo, kila mtu alijijua.

Kosa letu lilikuwa Busia, mpakani. Tulibadilisha pesa kwa kijana wa kando ya barabara aliyehesabu noti kwa kasi ya ajabu, na tulipozirudia ndani ya basi, 20,000 za Uganda hazikuwepo. Shilingi 1 yetu hupata zao 20 na kitu, kwa hiyo noti huwa nyingi na kichwa huvurugika. Badilisheni kwenye duka la fedha, na mhazini ahesabu mwenyewe kabla hajaondoka dirishani. Mpaka wenyewe hauna shida: maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, na Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kile halisi lakini, si picha kwenye simu. Bebeni na kadi ya homa ya manjano.

Jinja msipite mbio. Mtu wa Kisumu ameona ziwa maisha yake yote, akadhani boti ni boti. Lakini pale ndipo maji yetu ya Dunga, ufuko wa Kisumu, yanapotoka ziwani, maana ziwa lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile. Mwenye boti alizima injini, na boti ikaanza kwenda yenyewe, polepole, kuelekea kaskazini. Shemeji, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, alinyamaza. Ukingoni kuna sanamu ya Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa humo mwaka 1948.

Ukitoka Jinja, baada ya msitu wa Mabira, gari husimama Namawojjolo na madirisha hujaa mikono: kuku kwenye vijiti, maini, na gonja, yaani ndizi mbivu za kuchoma. Wa Kakamega alisahau kabisa kwamba kuna mhazini. Shaurini mapema nani anunue nini, la sivyo mtafika Kampala na vijiti vinane na hamu ya chakula imekwisha.

Na chakula cha Kampala kinahitaji nafasi tumboni. Kwenye hoteli ndogo, “chakula” ni matoke, wali, posho (yaani ugali), viazi na maboga, vyote kwenye sahani moja. Unacholipia hasa ni mchuzi. Wa Ahero aliagiza matoke na wali kando kando akidhani atalipa mara mbili, akaletewa mlima. Luwombo, nyama au kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, iulizeni mchana. Jioni mtaambiwa imeisha. Asubuhi tulikula rolex ya kando ya barabara. Mpishi alipiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabeji, kitunguu na nyanya, akamwaga kwenye kikaango, akafunika kwa chapati, akageuza, akakunja. Tulirudi kwake asubuhi zote. Msalimieni mtu kwanza, “ssebo” kwa mwanamume, “nnyabo” kwa mwanamke, ndipo muulize “ssente mmeka?”, yaani pesa ngapi. Sisi siku ya kwanza tulianza na bei, na tukajibiwa kama tulivyostahili.

Kwa kutembea, chagueni jambo moja kwa siku. Sisi tulichagua msikiti wa Old Kampala, ambao mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Wanawake huazimwa vitambaa mlangoni. Juu unaona vilima vyote na barabara zikitawanyika kutoka pale mlipo. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yalitushinda kwa sababu miguu ilikuwa imekataa, na hakuna aliyelalamika.

Wakati wa kurudi, shemeji alikuwa amefungiwa gonja kwenye kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo gonja zilihamia kwenye kiondo changu kabla hatujafika mpakani, zikapaka mafuta kitenge nilichomnunulia mama. Mhazini aligawa baki palepale kwenye foleni: 4,500 za Uganda kwa kila mtu. Ya shemeji alikata 1,000, ya kuku wa pili.