Barua kwa Mwanangu Kuhusu Karakana ya Uhunzi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Unguja hatujambo, mama yako anakusalimu sana, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza kwa nini nakataa kuihamishia karakana yetu nje ya mji, vyombo vya babu yako vikabaki katika chumba cha chini ili wageni wavitazame, na nyumba yenyewe ikapumzika na moto, moshi na vishindo vya nyundo. Hilo ni swali la mtu anayesomea majengo, na sehemu yake moja ni ya haki kabisa, kwa hiyo naanza na hiyo.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nazo hazipendi mtikisiko. Fuawe la babu yako, lile pande la chuma tunalofulia juu yake, lilikuwa karibu mno na ukuta, na sina shaka kwamba ule ufa uliouona juu ya dirisha ulichangiwa na sisi wenyewe. Mji huu hauchukulii ufa kwa wepesi tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua watu wawili. Mwaka jana tulilihamishia fuawe katikati ya chumba, juu ya gogo la mwembe lililozikwa ardhini na kuzungushiwa mchanga mkavu. Kisha mwashi akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, ili ukitanuka hata kidogo kivunjike, na hadi leo kioo ni kizima. Boriti za mikoko zilizo juu ya tanuru tumezikinga kwa bati lililoachiwa nafasi ya hewa, na moshi una bomba lake.

Sasa nikueleze kwa nini bado nataka tanuru liwake humu humu. Mhunzi hana kipimo cha joto isipokuwa macho yake. Chuma kikiwa chekundu cha kiza ni mapema mno kukipiga. Kikifika rangi ya chungwa kinakubali. Kikikaribia njano kinalainika kama ugali, na ukikisahau hapo kinaanza kutoa cheche na kuungua. Rangi hizo huonekana sawasawa penye kiza tu. Chumba chetu chenye kuta nene na dirisha dogo, ambacho wewe unakiona kina giza, ndicho kinachotufaa, ilhali katika banda la bati lenye mwanga mwingi kijana atadhani chuma bado ni baridi kumbe kimekwisha kuungua. Babu yako alikichagua chumba hiki kwa sababu hiyo, si kwa kukosa pengine pa kwenda.

Tazama jinsi msumari mmoja wa mlango unavyofuliwa. Ufito unatolewa kwenye makaa ukiwa rangi ya chungwa, unanyooshwa ncha pande nne kwa mapigo mepesi, unakatwa kwa tindo lakini usiachane, unatumbukizwa katika chuma chenye tundu, unavunjwa, kisha kichwa kinapigwa kikatandaa kabla wekundu haujatoka. Yote hayo ni kwa moto mmoja. Ukilazimika kuurudisha makaani mara ya pili, bado hujaujua msumari. Mkono haujifunzi mwendo huo kwa kutazama vyombo vilivyopangwa ndani ya kabati la kioo. Na hata hivyo vyombo, mwanangu, huharibika kwa kukaa, kwani ngozi ya kiriba cha kuvuvia moto isiyopakwa mafuta na kuvutwa hukauka ikapasuka kwenye mikunjo.

Tena nyumba hizi zinatuhitaji. Nondo za madirisha, tumbuu (pete za chuma za kufungia milango), minyororo ya milango na misumari ya vichwa vipana, vingi vilifuliwa kwa chuma cha zamani, ambacho ndani yake kina nyuzi za mavi ya chuma, yaani taka zilizobaki chuma kilipoyeyushwa kutoka kwenye mawe yake, kiasi kwamba ukikikunja hadi kikatike kinachanika kama muwa. Ndiyo maana siuzi hata kipande cha nondo kuukuu kinachotolewa mjini, bali nakifua upya. Nimewahi kuona fundi mmoja akipachika nondo za dukani katika ukuta wa matumbawe kwa saruji, na nikamsihi atumie chokaa, asinisikilize. Saruji ilizuia unyevu usitoke, chumvi ikakila chuma, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, jiwe likapasuka kutoka ndani. Niliumia, maana dirisha lile babu yako ndiye aliyelifulia nondo zake za kwanza. Mhunzi akikaa mbali, seremala hatambebea mlango mzima ili ajaribishe tumbuu. Atanunua iliyo karibu, iwe inafaa au haifai.

Mambo mapya siyakatai. Siku za kazi nyingi upepo wa tanuru hutoka kwenye feni ya umeme, na wageni wakitaka kuingia kutazama nawakaribisha, mradi wasimame nyuma ya mstari niliouchora sakafuni. Ninachokataa ni kutazamwa kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Kijana wa jirani ameanza kuja kila Jumamosi. Juzi alifua misumari kumi na mmoja, minne nikaikubali, na hiyo minne imeshaingia katika mlango wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ukija likizo, njoo na vifaa vyako vya kupimia uukague ule ufa upya, na uniambie kama bomba la moshi liinuliwe zaidi, maana jirani wa juu amelalamika na ana haki.

Ni mimi baba yako akupendaye.