Mama mkwe kakuonyesha choo kilipokuwa, wewe unamwita adui

"Shangazi shikamoo. Tunaishi Buswelu hapa Mwanza, maji ya bomba yanakuja usiku wa manane, siku zingine hayaji kabisa. Nimepata fundi wa kuchimba kisima kirefu, kapita na kijiti chake uani akasema maji yapo nyuma ya jiko. Mume kagoma, anamsikiliza mama yake anayesema pale hapachimbwi eti zamani palikuwa choo chao. Fundi anaanza jumatatu. Hivi nimeolewa na mume au na mama yake?"

Marahaba mwanangu. Pole, kuamka saa nane usiku kukinga madumu wakati ziwa lipo hapo hapo ni mateso. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema mume kagoma, afu fundi anaanza jumatatu. Fundi gani anapanga siku ya kazi hajashika hela? Ushamlipa advansi wewe, mume hajui, na nahisi ni hela ya kikoba. Ugomvi wenu umeanzia hapo, mama wa watu umemsingizia.

Tena lile neno la choo umelipitisha mbio mbio kama halina uzito. Mwanza chini ni mwamba, maji yanakaa kwenye nyufa za mawe, na uchafu wa choo unapita kwenye nyufa hizo hizo. Shimo hata likifukiwa likaota majani, bado ni choo. Kawaida watu wanaambiwa kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni, wewe unataka kutoboa juu yake kabisa uwapikie watoto! Penye wazee haliharibiki neno, na huyo mama ndo pekee anayekumbuka kiwanja kilivyokuwa.

Na hicho kijiti hakioni ufa chini ya mwamba. Anatakiwa mtaalamu wa kupima, anapitisha umeme ardhini kwa mashine yake afu anakupa ripoti, na hata hapo sio uhakika wa asilimia mia, jirani anaweza kupata maji ya kumwaga na wewe hatua chache tu ukaambulia vumbi jeupe la mawe linaruka mpaka kwenye nguo ulizoanika, na kila mita unalipia. Huyo fundi kakwambia shimo likitoka kavu nani anakula hasara? Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kakuuliza? Leseni yake ya uchimbaji umeiona?

Ndoa za siku hizi zinanichosha jamani, mke ana kikoba cha siri, mume ana mkopo wa siri, wanalala kitanda kimoja kama wapangaji, afu mambo yakiharibika anatafutwa mkwe wa kubebeshwa. Mumeo hajakataa maji, kakataa kuzungukwa, na mimi nipo upande wake.

Mpigie fundi leo asilete mashine, advansi airudishe. Usiku mwambie mumeo hela imetoka wapi, yote, usibakize. Afu nenda kwa mama mkwe ukamsalimie vizuri, muombe azunguke na wewe uani akuonyeshe mashimo yote ya zamani, muyawekee alama, ndo mumuite mpimaji. Maji yakipatikana, chupa moja iende maabara kabla mtoto hajanywa.