Bluu kwenye skrini, zambarau kwenye karatasi: usigombane na fundi wa mashine

Mkuu uliyeuliza kwa nini bluu yako inawaka vizuri kwenye kompyuta ila ikichapwa inatoka zambarau, pole sana, ila kabla hujaenda kumgombeza fundi soma hapa kwanza, mimi nilishagombana nae na baadae nikaona aibu.

Yangu ilikuwa kadi za mchango wa harusi, kadi 300, kamati imechagua bluu iliyokolea na silva. Bibi harusi akaiona kwenye simu yake, zile skrini zinazokoleza kila kitu, akasema hiyohiyo usiguse. Nikapeleka Kariakoo, jioni naenda kuchukua nakuta zambarau kabisa, ile ya kuchuma mtini. Mwenyekiti wa kamati, shangazi yake bibi harusi, akaishika kadi akaigeuza akaniuliza taratibu, "mwanangu, kwenu hii ndo bluu?" Nilirudia kazi yote kwa hela yangu.

Baada ya pale ndo nikaanza kuhudhuria kikao cha wenzetu wanaotumia Corel na Photoshop, programu za kudizaini, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi ofisini kwa mmoja wetu, tunachangia maji na sambusa basi. Siku hiyo mada ilikuwa rangi. Jamaa mmoja anayeshinda kwenye ofseti, zile mashine kubwa za kuchapa, akasema kila mtu afungue Photoshop, aweke bluu ya RGB (nyekundu, kijani na bluu za skrini) 0, 0, 255 kwenye sRGB, ile ya kawaida ya skrini, aikonveti kwenda CMYK (wino nne za kuchapa: sayani, majenta, manjano na nyeusi, K ndo nyeusi) kwa ile profaili, yani faili la maelezo ya rangi, ya Kimarekani inayokuja na programu, U.S. Web Coated SWOP v2. Wote tukapata C88 M77, manjano sifuri, nyeusi sifuri. Akauliza, haya, sayani imejaa na majenta inaikaribia, mkimwaga wino huo kwenye karatasi mnategemea nini? Watu kimya. Ile bluu ya skrini ni taa inayokumulika usoni, wino hauwezi kuifikia hata ufanyeje, kwa hiyo programu inakutafutia ya jirani na jirani yenyewe imeegemea zambarau. Ukichanganya mwenyewe ishushe majenta, mimi siku hizi naanzia C100 M65 hivi, nikitaka iwe nzito naongeza nyeusi kidogo.

Ila kilichonifungua macho ni pale alipotoa namba zilezile C88 M77 kwenye karatasi ya kung'aa na kwenye karatasi ya kawaida ya bondi, akaziweka mezani pamoja. Ungeapa ni kazi za watu wawili tofauti! Yani namba za CMYK ni kipimo cha wino tu, ni kama kumwambia mtu atie chumvi vijiko viwili bila kumwambia sufuria ina ukubwa gani. Profaili ndo inayosema sufuria ni ipi. Kina Adobe, Apple, Kodak, Microsoft na wenzao waliunda ICC, umoja wa kimataifa wa mambo ya rangi, mwaka 1993 kwa ajili hiyohiyo, kila kifaa kiwe na maelezo yake ambayo programu zote zinayasoma. Sasa hiyo SWOP tunayoiacha wote bila kuigusa ni ya mashine za Marekani zinazochapa karatasi za rola, Ulaya wengi walizoea profaili ya FOGRA39, na mtaani kwetu inabidi umuulize mwenye mashine anatumia ipi. Wengine watakutolea macho, we uliza tu.

Hapohapo ujue tofauti ya kuasaini profaili na kukonveti maana mimi nilikuwa nabofya yoyote iliyo karibu. Ukiasaini, namba zinabaki zilivyo ila mwonekano unabadilika. Ukikonveti, namba zinabadilishwa ili mwonekano ubaki karibu na ulivyokuwa. Ukikosea hapo unaharibu faili na huoni.

Na nyeusi nayo ina mambo yake. RGB 0, 0, 0 kwa SWOP ileile inakuwa C75 M68 Y67 K90, jumlisha uone, asilimia 300 ya wino! Kwenye bondi hiyo haikauki, inachafua mgongo wa karatasi ya juu yake. Maandishi madogo yaache K100 peke yake.

Kuhusu skrini, tulicheka sana siku hiyo maana kuna mwenzetu alikuwa analalamika kazi zake zinatoka za baridi, kumbe kwa miezi ameacha imewashwa ile taa ya usiku ya Windows inayotia kila kitu unjano, na yeye anasahihisha rangi juu ya huo unjano. Anza na hilo kabla hujafikiria kununua kifaa cha kupima rangi za skrini. Halafu kwenye Photoshop bonyeza Ctrl+Y uone kazi yako itakavyofifia ikienda kwenye wino, inauma ila bora ikuume wewe mapema kuliko shangazi wa watu.

Prufu, yani chapa ya majaribio, omba kwenye karatasi ileile ya kazi, toka nayo nje mchana uiangalie, usiipitishe chini ya tyubu laiti ya dukani maana pale rangi mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa. Mteja asaini hiyo karatasi, sio picha ya WhatsApp.

Kama faili lako bado lipo lifungue, gusa hiyo bluu, tuandikie hapa C ngapi na M ngapi, na karatasi ni ipi.