Jibu: uvae nini kambi ya Amani wakati wa masika

Dada, umeuliza kama jinzi na raba zitatosha kwa siku tatu za kambi Amani, kule Muheza, mwezi wa Aprili. Jinzi iache nyumbani kabisa. Pamba nzito ikilowa hubeba maji, inakuwa mzigo, na kwenye msitu wa Usambara haikauki hata ukiianika kutwa nzima. Tafuta mitumbani suruali nyepesi ya poliesta na sweta la sufu. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatia joto, na usiku kule si kama Tanga mjini, baridi ipo.

Kiatu ndicho cha kukifikiria sana. Mabuti ya mpira ni mazuri kwenye tope, ila yanateleza kwenye mawe ya mtoni na yakilegea kisigino yanachubua. Kwa njia za kupanda na kushuka mimi ningechukua buti la kufunga kamba, lenye soli yenye meno marefu, yaliyoachana ili tope lidondoke. Kabla hujalipa, likunje: soli ikiachia pembeni, ni gundi tupu. Mpelekee fundi alishone kuzunguka, kwa uzi wa nailoni.

Likilowa usiliweke karibu na moto, ngozi itapasuka na gundi itaachia. Lijaze magazeti, uyabadilishe.

Soksi beba jozi nne, moja ya kulalia tu, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Ukitembea, chomeka suruali ndani ya soksi, siafu wapo.