Linganisha gharama kwanza, ndipo upunguze upotevu

Umeuliza uanze na kipi: kulinganisha gharama zako na za wakulima wengine, au kupunguza upotevu shambani. Anza na kulinganisha, maana ndiko kunakokuonyesha pesa zinavujia wapi. Piga hesabu ya gharama kwa kila lita ya maziwa au kila kilo ya mavuno, si jumla ya mwaka tu. Tia ndani kazi ya familia na uchakavu wa mitambo. Wengi huviacha, kisha wanaona faida ambayo haipo. Jilinganishe na mashamba yanayofanana na lako, na uangalie robo ya mashamba yanayofanya vizuri zaidi, si wastani wa yote. Wastani hukuridhisha mapema mno.

Ukiona, tuseme, chakula cha mifugo ndicho kinachokuumiza, hapo mbinu za kupunguza upotevu za kampuni ya magari ya Toyota zinafaa. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alitaja aina 7 za upotevu, zikiwemo kusubiri, kuhamisha vitu bila sababu na kurundika akiba. Kifuate chakula hicho kutoka ghalani hadi kwenye hori: kinamwagika wapi, kinaoza kwa nini? Waulize wanaolisha, wanajua mengi yasiyo kwenye daftari. Badilisha jambo moja, kisha pima tena gharama ya lita.